Mzabibu wa Baba Aksanti kwenye uzio wa Beechmont

Mwaka umetimia, Baba Aksanti, tangu ulipotuacha hapa mtaa wa Beechmont, Louisville, zabibu zako zikiwa zimeiva kwenye uzio.

Kule kwetu Bushi ulikuwa mtu wa kasiksi, pombe ya ndizi, na kila aina ya mgomba uliijua kwa jina. Hapa ulifanya kazi boharini, na ukirudi unajisomea habari za mizabibu. Ulitueleza kwamba Wazungu wa kwanza walileta mizabibu ya Ulaya ikawafia, mpaka walipoigeukia ya huku. Ndiyo maana ulipanda Catawba, mzabibu wa huku huku. "Kila inchi iko na kinywaji yake," ulisema. "Mgeni anaanza kwa kuuliza."

Ulifunga vijiti vyake vya kupanda ndani ya gazeti lililoloweshwa, ukapanda basi hadi Columbus kwa mwanetu Aksanti, kisha Tonawanda, karibu na Buffalo, kwa binti yetu Gracieuse. Cha Columbus kilikufa. Hukumlaumu mtu.

Divai ya Meza ya Bwana ilitoka mikononi mwako. Mchungaji alikutania, "Liberati, safari hii usituleweshe!" Ukamjibu, "Pasta, kunywa kidogo, omba mingi."

Zabibu zako za mwisho tulizichuma baada ya mazishi. Hakuna aliyejua kuzigeuza divai, tukawagawia majirani. Kisha nikashika panga, nikaukata mzabibu hadi chini. Si mgomba ukishazaa hukatwa, watoto wake wapate nafasi? Nilidhani nakusaidia.

Gracieuse alishika kichwa. "Maman! Huu hapana mugomba!"

"Bon, sasa ni kuni," akasema Aksanti. Tukacheka, halafu tukalia.

Theluji ilipoisha, shina lilichipua. Sasa majani yamejaa uzio, lakini tunda hakuna hata moja. Mzabibu wa Gracieuse ulitoa vishada vinne, wajukuu wakavimaliza kabla hajapiga picha. Jumapili hii kanisa litatumia juisi ya dukani.

Kitabu chako kinasema mzabibu uliokatwa hivyo hukawia kuzaa miaka miwili, hata mitatu. Nimeusoma ukurasa huo polepole, kidole juu ya kila neno. Nina miaka sitini na sita. Nitaungoja.

Tunaokukumbuka: mimi mkeo Nzigire, watoto wako Aksanti na Gracieuse, mdogo wako Leopoldi, na wajukuu wote wa Louisville, Columbus na Buffalo.

Liberati Mugisho, siku zote uko nasi.