Kigingi cha Baba Mkwe

Mke wangu Halima,

Kabla ya karatasi hii nimeandika “mke wangu” mara nne kwenye nyingine, kuuzoeza mkono. U mzima huko Mtinko? Kifua cha mama kimepoa? Mimi ni mzima ila nimechoka, macho yanawaka kwa kukodolea kompyuta.

Nianze na baya, mpenzi. Jumamosi hii usinisubiri stendi. Likizo yangu imesogezwa wiki moja, na kosa ni langu.

Ile mashine ya kukamulia alizeti niliichora yote kwenye kompyuta. Fremu kwanza, silinda nikaishikiza kwenye fremu, shafti, ule mhimili unaozunguka, kwenye silinda, puli ya mkanda kwenye shafti. Ilipendeza kama wewe siku ya harusi. Jumatatu mteja akataka silinda fupi. Nilipoifupisha, shafti ikabaki hewani, puli ikazama tumboni mwa fremu. Wenzangu wakacheka: “Bwana harusi, mashine yako imetapika.”

Mzee Lema, fundi wetu mkuu, hakucheka. “Ulipima kutoka wapi?”

“Kipande hadi kipande, mzee.”

“Kwenu mnajenga nyumba hivyo?”

Nikamkumbuka baba yako kwenye kiwanja chetu, alivyokita kigingi, wewe ukashika ncha ya kamba huku unanitazama. Alisema kila ukuta upimwe kutoka pale, si kutoka ukuta ulio kando yake. Nilitabasamu kwa kiburi cha kidato cha nne.

Basi nimefuta kazi ya wiki tatu. Sasa naweka kwanza mabapa matatu matupu, yasiyo na unene, na mstari mmoja wa katikati. Ni vya kupimia tu, havimo kwenye mashine. Kila kipande nakishikiza hapo. Jana Mzee Lema alibadili silinda mara mbili, na kila kitu kikafuata mahali pake. Akasema, “Maliza, uende kwa mkeo.” Mgongo unauma, lakini neno hilo nililala nalo.

Baba mkwe mpe shikamoo yangu, umwambie msomi amerudi kwenye kigingi chake. Mama naye shikamoo. Kaka yangu anayetujengea mwambie asiking'oe, hata kikimkwaza, mpaka ukuta wa mwisho.

Nakuja Jumamosi ya pili. Siku zangu zote, Halima, nazipima kutoka kwako.

Mumeo,
Saidi