Jina Juu ya Jalada

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
4 Machi 1957

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi na Shangazi Sitara tu wazima, ila tunauwazia mguu wako kila mvua inaponyesha. Mganga wa zahanati amesemaje safari hii?

Dereva wa lori la nazi atakupa barua hii pamoja na kijitabu. Kifungue polepole, maana gundi ya jalada haijakauka vizuri. Unakumbuka kina mama wa mtaani walivyokuwa wakija barazani kwetu jioni niwaandikie barua? Sasa wengi wamejiunga na darasa la watu wazima. Herufi wanazijua, lakini wakishika karatasi hawajui waanzie wapi. Basi nimewatungia barua kumi na nane za mfano: ya kumwandikia mume aliye kwenye shamba la mkonge, ya kumkumbusha kaka aliyesahau nyumbani, hata ya kumkatalia mchumba kwa adabu. Zamu ya upatu ilipomfikia Shangazi, fedha zote alimpelekea Mzee Abbasi mwenye mashine ya chapa karibu na Mnazi Mmoja. Vimetoka mia tatu, na tunauza senti sitini kimoja.

Juu ya jalada utaona jina lako. Sikuweza kujiweka mimi mbele ya mzazi wangu, na wewe ndiye uliyenishikisha kalamu.

Mwanao,
Mwanamkuu

Kisiju
17 Machi 1957

Mwanangu Mwanamkuu,

Marahaba, mama. Mguu ni ule ule, unanipa habari za mvua kabla ya mawingu. Mengine yote ni salama.

Kijitabu kimefika. Nilikwenda nacho msikitini, nikakiweka juu ya goti, jina likitazama watu, kama mtu asiyekusudia. Imamu alikisoma mpaka barua ya tatu. Sasa hapa naitwa mwandishi. Wakiniuliza nilianza lini, nacheka na kukohoa. Siku tatu niliufurahia uongo huo. Ya nne niliona haya, maana Mzee Ramadhan amekuja kuniomba nimtungie barua ya mkwewe. Nimemwambia mkono unauma. Habari za mguu alikuwa nazo. Mkono ni ugonjwa mpya.

Msalimie sana dada yangu. Mwambie fedha ya upatu wake haikupotea.

Baba yako,
Zahoro bin Bushiri

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
12 Aprili 1957

Baba mpenzi,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Afya zetu nzuri, na saumu tunaimudu. Nawe unafunga, au mganga amekukataza?

Nina habari niliyoikalia siku sita. Imekuja karatasi kutoka ofisi ya kodi, ina jina lako. Mtu wa pale alinunua kijitabu sokoni akaona Zahoro bin Bushiri juu ya jalada. Kodi siku hizi inafuata mapato ya mtu, na wewe umesamehewa kwa sababu jumbe wa hapo Kisiju aliandika kwamba mguu umekuondoa kwenye useremala na huna chumo lolote. Sasa wanasema unalo. Wamehesabu vitabu vyote mia tatu kama vimeuzwa, na gharama ya Mzee Abbasi hawakuitoa. Usipojieleza, msamaha utafutwa, na jumbe ataulizwa kwa nini alidanganya.

Liko na jambo la pili. Shule inanilipia nusu ya ada kwa sababu ya barua ile ile ya jumbe. Nikisema kijitabu ni changu, huenda nusu hiyo ikaondoka, na nimebakiwa na miaka miwili.

Bwana Onesphory wa duka la vitambaa ananishauri niyachane majalada yote na kunyamaza. Anasema ofisi ina karatasi nyingi, hii nayo itapotea. Mimi sijachana hata moja. Nilitaka kukuheshimu, nimekuletea kesi. Niambie nifanye nini.

Mwanao,
Mwanamkuu

Kisiju
23 Aprili 1957

Mwanangu,

Marahaba. Nafunga, na naendelea vizuri kuliko mnavyodhani.

Jumbe alinitilia sahihi mbele ya watu, na alisema kweli. Sitaki aulizwe kwa ajili yangu. Idi ikipita nenda na shangazi yako, useme mwandishi ni wewe. La shule nalo lipeleke mwenyewe kabla hujaitwa. Ile nusu ikiondoka, ninao msumeno wangu mkubwa, nitauuza. Umelala tu ukutani.

Tena usilie barabarani. Vaa sare ya shule, iwe imepigwa pasi.

Baba yako,
Zahoro bin Bushiri

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
10 Mei 1957

Baba mpenzi,

Shikamoo. Idi ilikuwa njema, tumekula pilau ya Shangazi tukakutaja. Natumaini nawe ulikula vizuri.

Tulikwenda. Karani ni Bwana Filbert, kijana wa Kilimanjaro, amevaa tai. Nilimweleza yote. Akafungua kijitabu, akasema barua ya mjane, ukurasa wa kumi na moja, haiwezi kuandikwa na mtoto wa shule. Shangazi akamjibu kwamba mjane mwenyewe ni yeye, na barua zake zote nimeandika mimi. Hakuridhika. Akanisukumia karatasi na kalamu.

"Niandikie barua ya kijana aliyekaa mjini miaka miwili bila kumwandikia mama yake," alisema. "Na asianze kwa visingizio."

Niliandika nusu ukurasa. Alisoma mpaka chini, akarudi juu akasoma tena. Kisha akaikunja akaitia mfuko wa shati. Shangazi akamuuliza kama faili za ofisi siku hizi zinakaa mfukoni.

"Ofisi ataiandikia nyingine, mama," alisema.

Niliandika nyingine, fupi, ya kueleza kwamba kijitabu ni changu. Akakata jina lako katika daftari lake mbele yetu. Msamaha wako umebaki, na jumbe haulizwi. Mimi ni mwanafunzi, sidaiwi kodi hiyo. Ila alisema nikiendelea kuuza nitunze hati ya mchapaji na hesabu ya nilivyouza, ili siku nyingine nipimwe kwa faida na si kwa rundo la karatasi.

Kesho yake nilimwambia mwalimu mkuu, Bibi Severa, kabla hajaniita. Kamati imekaa. Msaada umeshuka kutoka nusu hadi robo, na robo iliyoondoka nimeilipa kwa faida ya vitabu. Msumeno usiuze. Naambatanisha stakabadhi ulione jina lililoandikwa. Tafadhali irudishe upesi, maana Shangazi hajamaliza kuionyesha mtaani.

Vitabu vimekwisha. Mzee Abbasi anauliza kama tupige chapa tena, na juu ya jalada aweke jina gani.

Mwanao,
Mwanamkuu

Kisiju
26 Mei 1957

Mwanangu Mwanamkuu,

Marahaba, marahaba tena. Mguu leo sijauuliza.

Stakabadhi nimeichelewesha kwa makosa yangu. Nilikwenda nayo msikitini pamoja na kijitabu. Safari hii nilisimama, nikawaambia sikuandika hata neno, mwandishi ni binti yangu, na ada yake analipa sehemu mwenyewe. Mzee Ramadhan alisema alijua tangu siku ya mkono kuuma. Akaomba barua ya mkwewe aitunge mwenye kazi yake. Maelezo yake nimeyaweka ndani ya bahasha hii.

Mwambie Mzee Abbasi aandike Mwanamkuu binti Zahoro, herufi kubwa. Huna haja ya kunitafutia nafasi nyingine. Hapo baada ya binti nimeenea.

Msumeno nimeushusha ukutani. Nakutengenezea rafu ndogo ya vitabu, nafanya kazi nimekaa. Hiyo siuzi, kwa hiyo Bwana Filbert asihangaike.

Zamani hapa waliniita fundi, halafu mwandishi. Sasa wamenipa jina la tatu, nalo ndilo ninalotilia sahihi.

Baba Mwanamkuu