Tairi Zimechongwa

Ahero, Jumamosi 14 Aprili 1973

Ndegwa, niko hai. Nakuandikia nyuma ya risiti, kondakta wa basi la Kisumu atakuletea.

Nilitoka kujaribu lile gari la mashindano, Kotina. Kisumu jua, Nyamasaria mawingu, hapa Ahero maji juu ya lami. Gari likateleza, ndugu yangu! Likazunguka mara mbili, usukani haunisikii, likasimama ukingoni mwa mtaro wa mpunga.



Unamkumbuka yule mzee aliyetuuzia tairi? Nilimwambia nataka za kushika barabara mvua ikinyesha. Akasema, "Chukua hizi, Bwana. Zimechongwa vizuri." Nami nikafurahi! Nikadhani zimechongwa kiwandani.

Fundi mmoja wa hapa, Simiyu, ametia kidole kwenye mfereji wa tairi akagusa nyuzi za ndani. "Hii ilikuwa kipara, Bwana. Imechongwa kwa kisu cha moto."

Kisu, Ndegwa. Kisu! Zimechongwa vizuri.

Zile nne zingine ulichukua wewe. Na jana mkeo Waringa aliniambia leo mchana mnapeleka watoto Kericho.

Usiwashe gari. Ukipata karatasi hii, tafadhali, usiwe umeshawasha gari.