Pamba ya Upande wa Kushoto

Jumatatu, 2 Julai 1973

Pamba tena. Tangu asubuhi natoa mbegu, nachambua, nasokota pajani. Paja limekuwa jekundu. Baba Vero yuko uani anapigilia mbao ya sita. Mtumbwi huu si kama mingine. Mbao pana hazipatikani. Lori la Ushirombo limetuletea mninga uliopasuliwa vipande vya vidole vinne tu. Mbao nyembamba, mishono mingi. Na kila mshono lazima ushindiliwe uzi wa pamba, la sivyo maji yanaingia. Kalafati ni kazi yangu. Mitumbwi tisa imetoka uani hapa na yote nimeiziba mimi.

Safari hii tuko wawili. Wifi yangu Sabina, dada yake Baba Vero, ana wiki tatu hapa. Alikuja kutoka kwa mumewe, huko Kagongwa, na sanduku moja na jino moja pungufu. Nilimchinjia kuku. Nilimwonea huruma kweli. Naandika hili ili nikumbuke kwamba nilimwonea huruma.

Alhamisi, 5 Julai

Leo wamekunja mbao ya ubavuni. Unailoweka, unaifunika magunia yaliyolowa, unaipasha moto, kisha mmoja anaivuta taratibu huku mwingine akipigilia. Ukivuta kwa pupa inapasuka. Anayevuta ni mimi. Miaka kumi ni mimi. Nilikuwa nafuta mikono niende, nikasikia: "Sabina, shika huku."

Mbao haikupasuka. Imekaa mahali pake vizuri kabisa. Hawakusemezana hata neno. Mimi na mume wangu huwa tunapigiana kelele mpaka majirani wanacheka. Baba Vero anasema Sabina alikuwa akimshikia marehemu baba yao tangu mdogo. Sawa. Mimi nilikuwa namshikia yeye.

Ugali umeungua. Nimewapa hivyo hivyo.

Jumapili, 8 Julai

Sabina alimpelekea kaka yake maji ya kunywa. Kaka yake akamshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja." Wabeja! Miaka kumi nampelekea maji, sijapata hata asante ya Kiswahili.

Baada ya Misa akaja Mzee Lukasi, mwenye mtumbwi. Yeye huvusha watu ghubani kwenda zahanati ng'ambo, na ule wa zamani umeoza. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, macho yote kwenye mtumbwi. "Huyu binti ana mkono wa baba yake," akasema. Mkono wangu hakuuona.

Nina wivu. Wivu mtupu. Haya, nimeandika.

Jumatano, 11 Julai

Kalafati imeanza. Mimi ubavu wa kulia, Sabina wa kushoto. Ni mashoto. Anasokota kwenye paja la kushoto kwa mkono wa kushoto, na uzi wake unatoka umelala kinyume na wangu. Wangu mistari yake inaegemea kulia, wake kushoto. Ukiweka nyuzi mbili pamoja hata mtoto atakwambia upi wa nani.

Nimeziba mishono miwili. Yeye mitatu. Alipokwenda ziwani kuchota maji nilichukua msumari, nikapima kazi yake, mshono kwa mshono. Nilitafuta palipolegea. Nilitamani nipate. Msumari haukuingia hata mahali pamoja.

Jumamosi, 14 Julai

Kalafati imekwisha. Baba Vero huwa anafumba macho na kupapasa mtumbwi wote kwa kiganja. Upande wangu alipita kama anayepita njia ya kila siku. Upande wa Sabina akasimama. Akarudi nyuma, akapapasa tena. Machozi yakamtoka. "Baba kabisa," akasema. Nimemzalia mtoto mtu huyu. Sijawahi kumwona akilia.

Kisha akanigeukia, kwa wema kabisa, hilo ndilo linaloniuma, kwa wema kabisa: "Mama Vero, mtumbwi ujao pumzika. Sabina yupo."

Nipumzike niwe nani? Nyumba hii ni ya fundi. Ukiondolewa kwenye mtumbwi unabaki na masufuria.

Jumapili, 15 Julai

Nilisema tumbo linaniuma. Wakaenda Misa wote watatu, Vero kamshika shangazi yake mkono.

Nilichukua ndoano. Ubavu wa kushoto, mshono wa tatu kutoka chini. Nimevuta pamba yake, urefu wa mkono mmoja. Haikutoka kirahisi, ilikuwa imeshikilia. Niliitia motoni. Ili pasionekane wazi nikajaza nyuzi kutoka kapu langu, juu juu, bila kushindilia.

Waliporudi Sabina alinichemshia majani ya mpera kwa ajili ya tumbo. Nimekunywa yote.

Jumatatu, 16 Julai

Tumepaka lami. Niliwahi upande wa kushoto mimi mwenyewe, nikaanzia palepale. Sabina akacheka: "Leo wifi umehamia kwangu?" Nikacheka pia. Lami ikafunika.

Nimejiambia ni maji kidogo tu. Ufukweni, watu wazima, magotini. Wataona, watamsema, basi.

Jumamosi, 21 Julai

Sikujua atampandisha Vero.

Mtumbwi umeshushwa asubuhi. Watu wengi. Nilikuwa nimebeba pombe ya wageni, nageuka, namwona mwanangu ameketi katikati, anatupungia mikono. Baba Vero nyuma na kasia, Sabina mbele. Nilitaka kupiga kelele. Ningesema nini? Ningesema nimejuaje?

Hawakubaki ufukweni. Baba Vero alitaka kumwonyesha Mzee Lukasi jinsi unavyokwenda. Walipofika kwenye maji meusi nikamwona Sabina anainama. Kisha nikamwona Vero anakomba maji kwa kata, anacheka, anadhani ni mchezo. Kisha haonekani kucheka tena. Baba Vero alipiga kasia kama mwenye wazimu. Waligusa mchanga maji yakiwa magotini mwa mtoto. Pombe yote niliimwaga, sijui saa ngapi.

Mtumbwi mpya huvuja kidogo, kila mtu anajua, mbao zikinywa maji zinafunga. Huu haukuvuja kidogo. Mzee Lukasi alisema taratibu, "Mwezi ujao namvusha binti yangu akajifungue. Kwenye huu?"

Baba Vero aliupapasa. Upande wa kushoto. Akamtazama dada yake.

"Hapo ni pangu, kaka," Sabina akasema. "Nilifanya haraka."

Nilikuwa namkausha Vero kwa khanga yangu. Nilimkausha mpaka akasema namuumiza.

Jumapili, 22 Julai

Mtumbwi umepinduliwa uani. Sabina amekwangua lami, akatia ndoano, akavuta. Nilikuwa nimesimama hatua mbili. Uzi ukatoka mrefu, laini, mzima. Akaukamua maji. Akaunyoosha kwenye jua.

Mistari inaegemea kulia.

Nilisahau. Mtu anayesokota pamba miaka kumi, nilisahau mkono wangu mwenyewe.

Aliutazama sana. Akaufunga kwenye pindo la khanga yake. Akachukua pamba yake, akaziba upya, akashindilia. Hakunitazama hata mara moja. Afadhali angenitazama.

Alhamisi, 26 Julai

Baba Vero hasemi na dada yake. Chakula anakula amempa mgongo. Leo kulikuwa na mbao ya juu ya kurekebisha. Akaita: "Mama Vero, njoo ushike."

Nilikwenda. Nilishika. Ndicho nilichotaka. Nilivuta vibaya, mbao ikapasuka, na hakunikaripia.

Sabina alikuwa jikoni anasugua masufuria.

Jumanne, 31 Julai

Mzee Lukasi amechukua mtumbwi. Umekaa majini siku nne, mkavu ndani. Pale alipoziba Sabina mara ya pili hapana hata jasho.

Sabina anarudi Kagongwa. Amesema mwenyewe, wakati tunapepeta mchele. Nikamwambia, "Wifi, kaa." Nilisema kwa sauti ndogo, ili niwe nimesema. Akanijibu, "Fundi wa haraka atakaa afanye nini hapa?" Hakukuwa na kejeli ndani yake. Nilitafuta.

Baba Vero hakumzuia. Amebeba sanduku lake mpaka kwenye lori na hakusema kwaheri. Vero alilia. Nilimwona Sabina juu ya lori, kajifunika khanga mdomoni, upande wenye jino pungufu.

Anarudi kwa mtu yule yule.

Ijumaa, 3 Agosti

Sijasema. Jana nilianza. Nikasema, "Baba Vero." Akasema, "Naam." Nikamuuliza kama misumari ipo.

Jumatatu, 6 Agosti

Mtumbwi mpya. Mkuku, uti wa chini wa mtumbwi, umelazwa tangu alfajiri na mbao ya kwanza iko motoni. Nimeingia stoo kuchukua kapu la pamba nianze kusokota.

Kapu limejaa. Mafundo kwa mafundo ya nyuzi, zimesokotwa, zimepakwa mafuta, zimefungwa vizuri kwa kipande cha khanga ya Sabina. Za ubavu wa kulia na wa kushoto, mtumbwi mzima. Zile siku zote nilizodhani amekaa jikoni na masufuria tu.

Nimezipeleka mlangoni penye mwanga. Nimefungua fundo moja, la pili, la tatu. Zote zinaegemea kulia, kama zangu. Mashoto asokote kulia, uzi wote huu. Mkono lazima ulimuuma.

Baba Vero ananiita nikashike mbao. Nimemjibu aiache, aje yeye huku, akae.