Mgomba Tuliomzikia Tadei

Mshangano, Songea.

Kwa mdogo wangu mpenzi Emerensiana,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi kaka yako Hironimus sasa nina miaka themanini na mbili. Nimeishi kuliko mkoloni, kuliko kijiji cha ujamaa walichotuhamishia kwa lori, kuliko wake wawili niliowazika kwa heshima, na kuliko daktari aliyeniambia nisipoacha chumvi sitauona mwaka mpya. Ambaye hakuuona ni yeye. Shikamoo uliyonitumia nimeipokea, marahaba sana. Goti linaendeleaje? Na mahindi ya huko Namtumbo yametoka vizuri? Sisi hapa wazima. Bado nalima mwenyewe, na vijana wa hapa wakiliona shamba langu wanapita wakiangalia pembeni.

Naandika kwa mkono wangu. Kisomo cha watu wazima nilikimaliza, na darasani hakuna aliyenishinda ila mmoja, naye alikuja akiwa anajua tayari. Mstari ukipinda unisamehe. Haya siyo mambo ya kusemea kwenye simu.

Sabra, jirani yangu muuza dagaa anayefika mpaka huko kwenu, ameniambia kwamba tangu upate habari ya msiba wa mwanangu Tadei umenyoa nywele, umevaa nyeusi, na chakula hushiki ila uji. Najua wewe ndiye uliyemlea mama yake alipofariki. Kwenye maziko hukuweza kufika kwa ajili ya goti, basi ngoja nikueleze yalivyokwenda.

Msimamo wangu unaujua. Tangu mwanangu avuke kwenda kuchimba madini Msumbiji, na wenzake warudi na redio yake wakisema shimo limemfukia, mimi nilikataa matanga. Miaka tisa nimekataa. Ukoo ulikaa vikao, wewe mwenyewe uliniita kichwa jiwe. Nilijibu kwamba sijamwona amelala, na mimi siyo mtu wa kuliwa mtoto na redio.

Aliyenivunja ni binti yake, Devota. Mwaka jana alipata nafasi chuo kikuu, ualimu wa hesabu, maana ukoo wetu kwa akili hatujambo. Alipoomba mkopo wa serikali nilimwamuru aandike kwamba baba yake yupo hai, ana nguvu, ni mkulima. Akaandika. Mkopo akakosa, nafasi ikapotea, akabaki hapa akipalilia na mimi. Hakunung'unika hata siku moja. Afadhali angenung'unika. Mwaka huu nafasi ameipata tena.

Nikaenda kilabuni kwa wazee kulisema. Nilisema serikali iwalipie watoto wote waliofaulu, basi, bila kuulizana baba yuko wapi. Kajetani, yule mwalimu mstaafu, akanicheka. Akasema fedha ya serikali ni blanketi fupi, ukivuta kichwani miguu inabaki nje, kwa hiyo lazima wachambue, na yatima watangulie. Nikamwambia yanayochambuliwa ni maharage, na tena yeye alisomeshwa bure mpaka sahani na godoro akapewa, sasa ameshiba anawafungia wenzake mlango. Watu wakacheka. Akasema wakati ule waliosoma walikuwa wachache kama meno yangu. Wakacheka zaidi. Kisha akaacha utani, akaniuliza taratibu: Mzee Hironimus, mtoto ambaye baba yake hayupo na wala hajafa, wamweke fungu gani? Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa mtendaji. Mimi, nikaenda.

Cheti cha kifo kilihitajika. Mtendaji akasema hawezi kuandika barua ya kifo kama hakuna kaburi wala wazee waliozika. Basi nikakubali tufanye kama walivyofanya baba zetu mtu akipotelea mbali, tukakata mgomba. Romanus katekista alikataa kwanza, akasema Kanisa halisomei ndizi. Mwisho akakubali kuwaombea marehemu wote kwa jumla, huyo mgomba akitaka asikilize.

Wakabishana kuhusu urefu. Nikawaambia chukueni mrefu, watoto wangu siyo wafupi. Tukauvika shuka. Mgomba ukikatwa hutoa maji, shuka ikalowa sehemu ya kifuani, na wanawake walipoona vile wakapiga yowe. Devota alilia mpaka akashikwa. Mimi nilibeba upande wa kichwa. Ulikuwa wa baridi na mzito. Sikulia. Nilikuwa nawaza kama jembe nimelirudisha ndani.

Cheti kikatoka. Mkopo amepata, wote, mpaka wa chakula. Ameshaondoka.

Sasa, Emerensiana, kaa chini.

Jumapili iliyofuata, Devota yuko chuoni, Sabra alikuja mbio na simu yake, akasema kuna mtu anamtaka baba yake. Nikashika. Akasema shikamoo baba. Nikamjua kabla hajamaliza. Shimo lilimfukia kweli, wakamtoa, mguu mmoja hauna kazi, ana mke huko, na aibu ya kurudi mikono mitupu ndiyo iliyomnyamazisha. Akasema sasa anataka kuja nyumbani.

Nikamwambia asije.

Nilimweleza yote. Nikasema akionekana Songea, mtoto atarudishwa na mimi nitafungwa, na kwamba akae huko mpaka Devota amalize miaka yake mitatu. Kisha akauliza tulizika nini. Nikasema mgomba. Akauliza mgomba gani. Nikamwambia mkono wa tembo, ule wa ndizi kubwa. Akasema, afadhali. Akauliza Devota anasoma nini, nikamjibu, akasema haya baba. Simu ikakatika. Nikarudi shambani, nikamaliza tuta nililoanza.

Kajetani sijamwambia kitu. Ningemwambia kwamba wangewalipia wote, mimi ningekuwa na mtoto hai leo. Devota hajui, na asijue, maana yule ana moyo mweupe, ataenda kusema mwenyewe.

Kwa hiyo kula, mdogo wangu. Kula ushibe. Lakini nguo nyeusi usivue, na kichwani usiache nywele ziote mapema, na watu wakija kukupa pole, pokea. Mimi huku napokea.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Ukiona kaka yako amezeeka akili, mwulize Romanus kama hatukuzika. Na mwulize Sabra, huyo anayekukabidhi barua hii sasa hivi pamoja na dagaa. Alisimama karibu yangu simu ikiongea, sauti aliisikia. Amenyamaza mpaka leo, lakini wewe ukimwuliza atakwambia.

Ni mimi kaka yako,
Hironimus