Ngege Asiyetoka Ziwani

Kibokoni, Mombasa
9 Machi 1948

Mpendwa Baba Zuhura,

Juzi nimetoka eda, na jambo la kwanza ninalotaka ni kukuomba radhi. Yule samaki niliyekulisha wiki ya mwisho ya ugonjwa wako hakuwa ngege. Alikuwa changu wa baharini, nimemnunua kwa mchuuzi hapa mlangoni. Ulikuwa hujala siku tatu, na ulipofumbua macho ulitaja ngege wa ziwani tu. Nikakwambia kuna mtu kashuka na garimoshi, kaniletea.

Unaukumbuka mwaka wetu kule Butiaba? Wewe fundi wa injini za meli za Ziwa Albert, mimi bibi arusi wa kulia kila adhuhuri kwa kuikumbuka Mombasa. Msimu wa uvuvi ulikuwa unakatika. Upepo ulishaanza kuteremka kutoka milimani, na wavuvi hawakwenda tena mbali. Walibaki kando ya matete, wakipiga maji kwa fito ili ngege waliosalia wakimbilie nyavuni. Siku yako ya mapumziko ulikwenda na jirani yetu Onega, ukarudi umelowa mpaka kofia, na ngege wanne mkononi.

"Leo bibi, kutwa nimeyapiga maji yasiyonikosea kitu!"

Niliwapika kwa nazi, na mke wa Onega akaja kula nasi. Alionja, akaniangalia.

"Mama, hii samaki umeogesha tu? Chumvi iko wapi?"

Mamangu alinifundisha kumtilia samaki chumvi kidogo sana, maana wa bahari huja na yake. Wa ziwani sikumjua. Na wewe ulikuwa umewala hivyo msimu mzima, ukiniambia watamu.

"Mwache, mama," ulimwambia. "Sisi watu wa Mvita chumvi tumeiachia bahari."

Akacheka hadi akajifuta machozi kwa leso, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu tufike. Alipoondoka nikakuuliza kwa nini hukunambia.

"Ulikuwa unalia tayari. Nikuongezee la kulilia?"

Ndiyo maana sasa najua kwamba ulijua samaki yule hakuwa ngege, ukanifichia kama ulivyonifichia chumvi. Kutoka Butiaba ni siku kadhaa, meli, lori na garimoshi, nami nakuletea samaki mbichi! Hata mtoto asingeamini. Lakini ulikula matonge matatu, ukasema, "Msalimie aliyemleta." Nami nikainuka upesi na sahani, nikiogopa usije ukaniuliza jina lake.

Hilo ndilo linaloniuma, si uongo wenyewe. Lau ningesema, "Mume wangu, ziwa liko mbali, ngege hakuna," ungenitania. Ungemtaja Onega, na matete, na ule upepo, na mimi ningekaa kitako kando ya kitanda chako nikakusikiliza. Ulikuwa bado una sauti siku ile. Kesho yake hukuwa nayo. Nilitaka ule, kumbe ulitaka kuzungumza.

Zuhura ananiuliza ulikuwa mtu wa namna gani kabla hajazaliwa. Namweleza kidogo kidogo, hata yanayonitia haya. Jana kanambia, "Mama, baba alikuwa na mizaha." Nikamwambia naam, alikuwa nayo.

Nisamehe, usiniwekee moyoni. Mimi kukukumbuka sina haja ya kukumbushwa. Nawe, ikiwa huko mliko mnatukumbuka, nami nikumbuke.

Mkeo,
Mama Zuhura