Mashua ya Askofu

Jentrix uko? Acha kila kitu usome hii. Leo nimeaibika bana.

Unajua ile mashua yetu ya kuzungusha wageni kwa bwawa la hoteli hapa Kitale. Na unajua stori yangu, ati kitambo ilikuwa ya askofu, alikuwa anavuka nayo ziwa akibatiza watu. Si nikisema ilikuwa ya kuvua omena hakuna mtu atapanda?

Sasa leo nimebeba wamama wa chama kutoka Misikhu, na mzee mmoja, baba mkwe wa mwenyekiti wao. Bosi Kipkemei mwenyewe amekaa nyuma. Nikaanza na askofu wangu. Jua likachoma mbao, harufu ikatoka. Mama mmoja akauliza mbona mashua ya askofu inanuka omena. Nikasema askofu alipenda omena sana.

Mzee akapapasa chini ya kiti, akavaa miwani, akainama kuangalia.

"Hii jina hapa ni yangu," akasema. "Niliichoma na chuma moto. Hii mashua niliiunda mimi, kule ziwani Sio Port."

Jentrix. Aliiunda yeye. Na bosi anasikia. Nikajiona niko nyumbani Sirisia napalilia mahindi.

Wamama wakamgeukia. "Kwa hivyo huyu msichana anatudanganya?"

Mzee akaniangalia. Akaniangalia tena. Akatoa miwani polepole.

"Huyu hajui kitu," akasema. "Maaskofu walikuwa wawili."